Bidoni Nililompelekea Mama Mkwe

Kazi ya kupuliza dawa ya majani niliipata kwa sababu ya mabega yangu. Ilikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na sita, mvua zimeanza kunyesha Lilongwe, nasi tulikuwa kundi la wanawake tukipalilia kwa majembe katika bustani ya umma inayoshuka hadi kwenye kijito. Wenzangu wote walikuwa Wamalawi, wengi wao kutoka kitongoji cha Kauma. Mkimbizi nilikuwa mimi peke yangu. Majani yalikuwa yakitushinda. Ukimaliza kusafisha njia ya matofali upande huu, ukigeuka unakuta upande ule umefunikwa tena, utadhani hakuna aliyewahi kushika jembe pale.

Asubuhi moja msimamizi wetu, ambaye wote tulimwita kapitao kama wanavyoita kule, alitoka stoo na mapampu ya kubeba mgongoni. Alijaza moja maji hadi kwenye mfuniko, akatuambia tulibebe mmoja mmoja na kuzunguka nalo vitalu vya maua. Wengine walicheka, wengine waliyumba na kulitua kabla hawajafika mbali. Mimi nilikulia kwenye michikichi upande wa Rumonge, Burundi, nikibeba mikungu ya chikichi tangu utotoni. Nilizunguka, nikarudi, nikasimama mbele yake bila kuhema.

"Wewe," akasema.

Wachache tulipewa mapampu. Wengine waliambiwa kazi yao imekwisha, kwa maana pampu moja lilifanya kazi ya majembe mengi. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa Kauma ambaye ndiye aliyenileta pale, aliyekuwa akinimegea nsima yake, ugali wa kule, siku ambazo sikuja na kitu. Aliniaga kwa mikono miwili, akasema "Zikomo", asante, kama kwamba ni mimi niliyemtendea wema. Nilijishughulisha na mikanda ya pampu ili nisimtazame usoni.

Nilikuwa nalala mtaa wa Chilinde, chumba kimoja na wanawake wa kanisani. Mama mkwe wangu alikuwa Dzaleka, kambini, safari ya kupanda matola, yale magari ya mizigo yanayochukua abiria, na kisha kutembea kwa miguu. Mwanawe, mume wangu, tulipotezana naye tulipokuwa tunakimbia, kabla hatujafika ziwani. Tuliambiwa yuko mbele yetu, tukaenda mbele. Tukaambiwa amebaki nyuma, na nyuma hapakurudika. Tukavuka wawili, mimi na mama yake, tukapita Tanzania, tukafika Malawi, tukaishi pamoja kwa ajili ya mtu ambaye hatukujua kama yu hai. Hakuna aliyeniambia kwamba ni lazima nimtunze yule mama. Naye hakuwahi kuniomba. Lakini kila nilipokuwa mjini nikicheka na wenzangu, au nikinunua mandazi yangu nikala peke yangu njiani, nilikuwa namwona amekaa kwenye mlango wa nyumba yetu ya udongo, akitazama upande wa barabara.

Nilipoondoka nilimwahidi kwamba nitakuja kila mwisho wa juma. Mwanzoni nilikuja. Baadaye nikawa naruka juma moja, kisha mawili. Kazi ilikuwapo, ni kweli, lakini si kila mara ilikuwa kazi. Mara nyingine nilikuwa nimechoka tu, na Dzaleka ilikuwa mahali ambapo uchovu wangu haukupata pa kukaa. Ukifika, lazima usikilize nani amekufa, nani amepata habari za kwao, mgawo wa mahindi umechelewa namna gani. Mjini nilikuwa nasahau, na nilipenda kusahau.

Jumapili moja, baada ya kutoonekana muda mrefu, nilimkuta anaziba tundu la galoni yake kwa kipande cha sabuni. Ilikuwa ile galoni ya bati inayokuja na mafuta ya mgawo, na kutu ilikuwa imeila chini. Alikuwa akienda nayo kwenye bomba, anapanga foleni asubuhi nzima, na njiani maji yanammwagikia mgongoni.

"Mi nilizania umeshaolewa kule mujini," alisema bila kuinua macho.

"Hapana, mama. Ni kazi."

"Kazi gani isiyokuwa na siku ya Mungu?"

"Tunapuliza dawa ya majani. Kwenye bustani kubwa, pale bantu banapumzikia."

Akafikiri kidogo. "Majani iko na ugonjwa gani?"

"Hayana ugonjwa, mama. Tunayaua."

"Sasa juu ya nini munaita dawa?"

Tulicheka wote wawili, na kwa muda kidogo nikasamehewa. Lakini nilipokuwa narudi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba safari ijayo sitafika mikono mitupu. Nitamletea kitu cha kuchotea maji.

Na vitu vya kuchotea maji nilikuwa naviona kila siku. Dawa yetu ililetwa katika mabidoni ya plastiki ya bluu, ya lita ishirini, magumu, yenye mfuniko mpana wa kufunga kwa kuzungusha na mkono mzuri wa kushikia. Ningewaambia watu wa Dzaleka kwamba mabidoni kama yale yanatupwa, wasingeniamini. Mchanganyiko tuliufanya nyuma ya stoo, kipimo kidogo cha dawa katika maji mengi. Bidoni likiisha, kapitao alilichukua, akaliweka chini na kulitoboa kwa mtalimbo, pande zote mbili, mpaka halifai hata kuwekea mchanga. Aliyafanya hayo kwa makini, akiwa amenuna.

Nilimwomba moja. Nilimwomba kwa adabu, kwa Kichewa changu kidogo nilichojifunza kwa yule mama wa Kauma.

"Ayi," alisema. Hapana. "Haya ni ya kutoboa."

"Bwana, mama yangu hana kitu cha maji."

"Ya kutoboa," akarudia, akapiga mtalimbo.

Hakunieleza kwa nini. Nami nilijieleza mwenyewe, na nilichojieleza ni kwamba yule mtu ana roho mbaya, kwamba ni mmoja wa wale wanaoona afadhali kitu kiharibike kuliko maskini akitumie. Kwetu, kwenye mashamba ya pamba ya bonde la Imbo, watu walikuwa wanawekea mawese katika vyombo vya dawa za pamba, au ndivyo nilivyokumbuka, na sikuwahi kusikia mtu amekufa. Basi siku moja, kapitao alipokwenda kula, nikachukua bidoni lililokuwa limeisha, nikalifunga ndani ya kitenge changu pamoja na nguo za kazi, nikatoka nalo langoni. Mlinzi alinipungia mkono.

Nililiosha. Nataka kusema jinsi nilivyoliosha, kwa sababu kwa miaka mingi hilo ndilo nililokuwa najitetea nalo. Nililisugua kwa mchanga na majivu. Nilitia maji ya moto na sabuni, nikatikisa mpaka mikono ikauma. Nilibandua karatasi iliyokuwa imegandishwa ubavuni, yenye maandishi ya Kiingereza nisiyoyajua na alama ya fuvu ambayo niliijua. Nililianika juani likiwa limejaa majani ya mlimau. Kila asubuhi niliingiza pua ndani na kunusa, na asubuhi niliposikia harufu ya limau tu, nikasema sasa limekuwa safi.

Mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili. Aliligonga kwa vidole, akalinyanyua juu ya kichwa chake kuona kama linamkaa vizuri. Kisha akaenda nalo bombani papo hapo, ingawa galoni yake ilikuwa na maji, akapita makusudi kwenye njia ndefu, mbele ya nyumba za watu. Nilimsikia akijibu salamu. "Ni muke wa mutoto wangu ameniletea. Yeye njo iko mujini." Nilikaa mlangoni nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu tutoke nyumbani. Nilijiona nimelipa kitu. Niliporudi Lilongwe sikujisumbua kwenda tena kambini haraka. Bidoni lilikuwa pale badala yangu.

Kazi iliendelea. Tulianza asubuhi kabla ya upepo kuamka, tukitembea kwa mstari, mkono wa kushoto ukipampu, wa kulia ukishika mpira wa kupulizia karibu na ardhi. Kama wingu la mvua lilionekana, tulisimama. Siku chache baadaye majani tuliyoyapuliza yaligeuka manjano, kisha kahawia, kisha yakalala. Watu wa maofisini waliendelea kuja kula chakula chao kwenye viti vya zege, na Jumamosi maharusi walikuja kupiga picha mahali pakavu. Nilikuwa nasikia ladha fulani mdomoni jioni, kama ya sarafu. Sikuiwazia.

Halafu kuku wa mlinzi wakafa. Alikuwa na kibanda karibu na lango, na kuku wake walikuwa wakitangatanga mpaka nyuma ya stoo, pale tulipokuwa tunasuuzia mapampu. Mvua ilikuwa haijanyesha siku kadhaa, na maji pekee yaliyokuwa chini ni yale ya kidimbwi chetu. Tulipotoka na mapampu asubuhi ile tulimkuta mlinzi amechuchumaa, kuku wamelala mbele yake, wengine wakiwa bado wanapigapiga mbawa. Kapitao alikuja, akatazama, akavua kofia.

"Unaona?" aliniambia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu naye. "Maji ya kusuuzia tu. Ndiyo maana mabidoni nayatoboa. Mankhwala haya hayaishi kwa kuosha. Yanaingia ndani ya plastiki."

Mankhwala ni dawa kwa Kichewa. Dawa ya kuponya na dawa ya kuua, neno ni hilohilo, kama kwetu. Nilikuwa nimelisikia kila siku.

Nililiacha pampu langu juu ya nyasi, limejaa, nikaondoka. Kapitao aliita, nami sikugeuka. Nilitembea mpaka barabara ya kaskazini na kupata gari la matola lililobeba mbolea, nikakaa juu ya magunia na kuomba njia nzima, maombi mabaya, ya kumwambia Mungu achague mtu mwingine. Pale njia panda ya Dowa nilishuka, nikaanza kutembea, na nilipoona mapaa ya kambi, ile iliyokuwa jela zamani, nikakimbia.

Mama mkwe alikuwa amekaa nje, anachagua maharage kwenye ungo. Alikuwa mzima. Nilisimama mbele yake, nikatazama ndani ya mlango.

"Bidoni iko wapi?"

"Hata salamu hakuna?" alisema.

"Mama, bidoni."

Akaweka ungo chini. "Nilipatia mama wa Uvira. Bale balifika sasa sasa, bale ba vita. Iko na batoto, na hata ndoo ya kuchotea maji haina. Mi niko peke yangu, galoni yangu inanitosha. Nilitumia ile bidoni siku kidogo, kisha nikasikia haya."

Nilimwacha anaongea. Watu waliofika kutoka Uvira walikuwa wamepewa nafasi upande wa ukuta wa zamani wa jela, chini ya mashitingi, yale maturubai ya plastiki. Sikuhitaji kuuliza ni wapi. Bidoni lilikuwa mbele ya mlango, la bluu, zuri, limefunikwa kwa sahani, na kikombe juu ya sahani. Karibu nalo, kwenye mkeka, alilala mtoto mdogo wa kike, midomo imekauka, nzi wakitua naye hawafukuzi.

Nililishika lile bidoni na kulipindua. Maji yote yakaenda kwenye vumbi.

Mwanamke alitoka ndani mbio, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa wa umri wangu. Kitenge alichokivaa kilikuwa kimefungwa mafundo mahali kilipochanika.

"We mama! Maji yangu! Nimesimama ku foleni tangu asubui!"

"Nisamehe. Bidoni hili halifai kutumiwa."

"Kama ni yako, sema ni yako, nitakurudishia. Usimwange maji ya batoto!"

"Si hivyo. Ndani yake kulikuwa na dawa."

"Dawa?" Alitulia. Uso wake ulibadilika, ukawa karibu kuwa na tumaini. "Dawa ya nini? Huyu mutoto anaharisha tangu juzi. Kama ni dawa, si pengine ingemusaidia?"

Mpaka leo, katika yote yaliyotokea, hapo ndipo ninapoumia zaidi. Nilikuwa na neno la kweli mdomoni na sikulisema. Nilitafuta jingine. Nilisema kwa Kifaransa, "Ni produit," yaani kemikali, kama fundi. "Produit ya majani."

"Produit gani?"

Nyuma yangu watu walikuwa wameanza kusimama. Wanawake waliotoka bombani walikuwa wametua ndoo zao.

"Ni sumu," nikasema.

Huku kwetu, kuanzia Rumonge mpaka Uvira na Fizi, neno hilo haliko kwa ajili ya panya. Sumu ni kitu ambacho jirani anakutilia katika pombe kwa ukucha, akikutabasamia. Familia zimehama vijiji kwa sababu ya neno hilo. Na mimi nilikuwa Mrundi nimesimama mlangoni kwa Mkongomani, chombo mkononi, mtoto wake amelala mgonjwa. Mwanaume mmoja alisema kwa sauti, "Amepatia batoto sumu." Mwingine akauliza ni nani, na wa tatu akanionyesha kwa kidole. Yule mama alikuwa amemnyanyua mtoto na kumkumbatia kifuani, akirudi nyuma, akinitazama kama mtu anayemwona nyoka ndani ya nyumba. Mtu alinivuta kitenge. Nilitaka kueleza juu ya mchanga na majivu na majani ya mlimau, na kila nilipofungua mdomo makelele yalizidi.

Ndipo mama mkwe akafika. Hakuwa mtu wa kukimbia, na hakukimbia. Alipita katikati ya watu akisema "Hodi, hodi," kama anayeingia nyumbani kwa mtu, akaja kusimama kati yangu na wao.

"Mi njo nilimupatia ile bidoni," alisema. "Si huyu. Huyu hata hakujua kama iko hapa. Aliniletea mi, nikachota maji nayo, nikakunywa, nikapikia. Nilikunywa mbele ya huyu mama. Kama kuna sumu, iko ndani ya tumbo yangu pia. Sasa ni nani anaweza kutilia mama-mukwe wake sumu, kisha atoke mbio mujini kuja kuimwanga mchana mbele ya bantu?"

Akautoa mkono ulionishika kitenge.

"Alikosea," akaendelea. "Alileta kitu isiyofaa. Musimupige juu ya makosa kama vile ni ubaya."

Kisha akaomba jembe. Mtu akampa. Akalipiga lile bidoni mwenyewe, mara nyingi, nguvu zake zote za uzee, mpaka plastiki ikapasuka, na vijana wakaenda kulitupa katika shimo refu la choo kilichojaa. Alipomaliza, alinigeukia kwa mara ya kwanza.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua kulikuwa na dawa ndani. Nilidhani nikiosha itatoka."

"Na bale ba kazi yako, balikukatalia?"

"Walinikatalia, mama."

Aliitikia kwa kichwa. Nilingoja anitukane. Ningemshukuru kama angenitukana. Alichukua jembe la watu, akapangusa udongo kwa kiganja, akalirudisha.

Tulikwenda zahanati, yule mama wa Uvira akiwa mbele na mtoto mgongoni, mimi na mama mkwe nyuma. Njiani fundo la kitenge kilichombeba mtoto lililegea, nikanyoosha mkono nimsaidie mama yake. "Usimuguse," alisema, si kwa ukali. Nikarudisha mkono.

Mganga wa pale, Mmalawi kijana mwenye macho ya usingizi, alimpima mtoto, akavuta ngozi ya tumbo kwa vidole kuona inavyorudi. Aliniuliza jina la ile dawa. Sikulijua. Aliuliza karatasi iliyokuwa kwenye bidoni ilisema nini. Nilikuwa nimeibandua mwenyewe. Akakuna kichwa, akasema watoto wengi wanaharisha msimu huu, wageni zaidi, kwa sababu ya mabadiliko ya maji; huenda ni hilo, huenda ni lile. Akampa maji ya chumvi na sukari, akasema tukae pale naye. Tukakaa. Yule mama alimnywesha kwa kijiko, mimi nikishika kikombe. Kushika kikombe aliniruhusu.

Mtoto alipona. Haikuwa siku ile wala iliyofuata, lakini alipona, akaanza kuomba uji. Wenzake hawakuugua kabisa, ingawa walikunywa maji yaleyale. Mama mkwe alikuwa akilalamika tumbo, lakini tumbo lilikuwa likimsumbua tangu Burundi. Kwa hiyo sijui. Nimewauliza wauguzi niliokutana nao baadaye katika maisha, na mmoja aliniambia kwa bidoni lililooshwa namna ile pengine hapakubaki kitu, na mwingine akaniambia nimshukuru Mungu. Kama mtoto angekufa, ningejua mimi ni nani. Amepona, nami sikuambiwa mimi ni nani. Ninajua tu kwamba nilikatazwa, nikachukua, na sikuchukua kwa ajili ya maji peke yake. Nilichukua ili nipate ruhusa ya kutokuja.

Nilirudi Lilongwe mara moja tu, kumwambia kapitao. Nilimkuta stoo na nikamweleza yote, mpaka kitenge nilichofungia. Alisikiliza akiwa ameegemea mlango.

"Pampu uliliacha limejaa," alisema mwishoni. "Watoto wa shule wanapita pale. Nililikuta mmoja anachezea mpini wake."

Sikuwa nimelifikiria hata hilo.

"Siwezi kukurudisha," akasema.

"Najua, bwana."

Alitazama mtalimbo uliokuwa umesimama pembeni. "Mimi niliambiwa niyatoboe," alisema. "Hakuna aliyeniambia nieleze. Niliona ni jambo linaloonekana." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejilaumu, nami sikupenda kuisikia, kwa sababu lawama ile nilikuwa nimeizoea iwe yangu. Nilipokuwa natoka nilimsikia akiwaita wenye mapampu wote waje stoo, waache kazi kwanza, ana neno la kusema.

Nilifungasha vitu vyangu Chilinde na kurudi Dzaleka. Kitenge changu cha kanisani nilikibadilisha kwa ndoo mbili za bati sokoni, moja nikampa mama mkwe, nyingine nikaipeleka kule ukutani. Yule mama wa Uvira aliipokea. Aliigeuza, akatazama ndani, akaigeuza tena, akatazama chini, akainusa. Nilisimama nikangoja mpaka akamaliza. Hakusema asante, na ingekuwa vibaya kama angesema.

Mvua zilipokwisha, watu wapya walianza kufyatua matofali ya kujengea. Mume wa yule mama wa Uvira hakuwa amefika. Mke alikuwa hajui yuko upande gani wa ziwa. Nilimwona asubuhi moja amechimba shimo la udongo peke yake, anakanyaga, watoto wamekaa ukingoni. Nilivua ndala, nikaingia shimoni, nikaanza kukanyaga upande wa pili. Alinitazama, akaendelea. Tulifanya hivyo siku ile na siku nyingi zilizofuata, bila maneno zaidi ya yale ya kazi: leta maji, ongeza majani makavu, hii ni nyepesi. Mama mkwe alituletea viazi vitamu na kukaa kivulini.

Siku moja yule mtoto mdogo aliyekuwa ameugua alianza kulia. Alikuwa na usingizi na jua lilikuwa kali. Mama yake alikuwa ameinama juu ya kifyatulio, mikono yote imejaa udongo, tofali limetoka nusu. Alimwambia mtoto anyamaze, na mtoto akazidi.

"Mubebe basi," alisema.

Nilitazama nyuma yangu, nikidhani anamwambia mwanawe mkubwa.

"Ni we naambia. Mubebe, anataka kulala."

"Mikono yangu ina udongo," nikasema.

"Na yangu pia."

Nilimnyanyua. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Alinipiga teke mara moja, kisha akanishika shingo. Nilimfunga mgongoni, nikarudi shimoni, nikaendelea kukanyaga polepole, nikimsikiliza anavyopumua, mpaka akalala.